Mgongo Unaojua Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Saba.

Binti wa kliniki ya viungo amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Kila siku niandike namba, sifuri hadi kumi, jinsi mgongo unavyouma. "Namba tu, baba," amesema. "Usinitungie riwaya." Haya, saba. Lakini daftari nililopata ni kubwa, la vipimo vya magodoro, na namba moja katikati ya ukurasa mtupu inaonekana yatima. Nitaiongezea maneno mawili matatu.

Naandika nimesimama, maana kukaa ndiko kunakouma zaidi. Nimeegemea meza ya mke wangu ya kupigia pasi. Yeye anapiga pasi nguo za watu upande ule, mimi naandika upande huu, mvuke unapita kati yetu. Akiuliza, nitasema ni vipimo. Hajui kama nimekwenda kliniki, wala hajui kwa nini siku hizi najifungia bafuni kuvaa viatu.

Jumanne, 5 Machi

Sita. Jua kali. Tumechambua pamba kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nane asubuhi, tano baada ya mvua.

Nieleze hili, kwa kuwa binti wa kliniki halijui. Nashona magodoro ya pamba. Karakana yetu ni jengo jembamba: chini tunakata vitambaa na kushona, juu yake tunajaza, na juu kabisa kuna paa bapa la zege ambako pamba huanikwa. Pamba iliyopata jua huumuka, ukiishika unajiona umeshika hewa. Ikinyeshewa inashikana mabonge na kuanza kunuka, na hapo huna godoro. Kwa hiyo msimu wa mvua kazi yetu yote ni kujua lini pamba iingizwe ndani.

Na mimi najua. Sijivuni, au najivuna kidogo. Chini kabisa ya mgongo wangu, kushoto, pana mahali penye upana wa kiganja. Saa moja kabla ya mvua panaanza kukaza, hata kama anga ni jeupe. Mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nilijisemea tu, "Ingizeni pamba." Wakanicheka. Mvua ikaja, wakanyamaza. Tangu siku hiyo naitwa Mtabiri, na hakuna anayejua kwamba utabiri wenyewe ni maumivu.

Sitaki wajue. Kabla yangu kulikuwa na fundi tuliyemwita Mzee Sindano, mkono wake ulikuwa haukosei. Mgongo ulimshinda. Siku aliyoondoka, Bimkubwa, mwenye karakana, alisimama mlangoni akasema, "Karakana si hospitali." Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya godoro. Nimeyabeba maneno yale mpaka leo. Nyumbani tuko watano, na pasi ya mke wangu peke yake haiwezi kutulisha sote.

Jumatatu, 11 Machi

Saba. Bimkubwa amepata kazi kubwa: magodoro sitini ya bweni la chuo cha wauguzi, yawe tayari katikati ya Mei. "Sitini," alisema, "na mvua ndiyo hizi." Kisha akanitazama. "Si tunaye Mtabiri?" Nikajinyoosha kwa fahari. Kujinyoosha kukaniuma mpaka machozi yakanilengalenga, wenzangu wakadhani nimeguswa.

Alhamisi, 14 Machi

Sita.

Karakana hii ina sharti moja la zamani: godoro halitoki mlangoni mpaka aliyelishona alilalie kwanza. Dakika chache, chali, macho umefumba, mwili wenyewe useme kama kuna bonge au shimo. Leo nimelalia matatu. Nikilala pale sauti za karakana zinakwenda mbali, cherehani inakuwa ya nyumba ya jirani, na mgongo unaniachia kidogo. Namwona muuguzi ambaye atalalia godoro hili, amesimama kutwa nzima, anavua viatu, anakaa ukingoni kwanza kabla ya kujilaza. Simjui uso. Najua tu uzito wake na pumzi atakayoishusha. Nadhani nimemshonea hiyo pumzi.

"Wewe, Mtabiri!" Ni Kamba, tunamwita hivyo kwa wembamba wake. "Unapima godoro au unaatamia mayai?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kamba simpendi sana, niandike ukweli. Ana mdomo. Na kila tunaposhusha godoro ngazini anawahi upande wa chini, ule wenye uzito, huku anapiga kelele, "Pisha, wanaume wapite!" Anajionyesha kwa Bimkubwa.

Jumamosi, 16 Machi

Saba. Kitinda mimba wetu ana miaka mitano. "Baba, nibebe."

"Baba amechoka."

"Utachoka mpaka lini?"



Jumanne, 19 Machi

Sita. Binti wa kliniki amenifundisha zoezi la daraja: unalala chali, unakunja magoti, unainua kiuno, unakaa hapo juu ukihesabu kumi. Nalifanya bafuni, juu ya taulo, kabla nyumba haijaamka. Leo kitinda mimba alisukuma mlango, akanikuta nimeinuka hivyo. Hakushangaa. Alikwenda kumleta mwanasesere wake akampitisha chini yangu mara tatu, kwenda, kurudi, kwenda. "Usishuke bado," alinong'ona. "Hajafika." Nilihesabu mpaka kumi na nane. Nimemwomba isiwe habari ya kila mtu.

Jumatano, 27 Machi

Tano. Wiki hii nimetabiri mara mbili, nimepata mara mbili. Mara ya pili anga lilikuwa bluu tupu. Tumeingiza pamba, tumefunga mlango, na tone la kwanza likaanguka nyuma ya kisigino cha Kamba. Bimkubwa alinimiminia chai kwa mkono wake.

Jumatatu, 1 Aprili

Nne!

Jumatano, 3 Aprili

Tatu. Mvua ya mchana ilinipa robo saa tu. Tulikimbizana ngazini, pamba mikononi, vinyweleo vyeupe vikibaki hewani nyuma yetu. Hatukupoteza kitu. Nilijiambia mvua yenyewe ilikuwa na haraka.

Jumapili, 7 Aprili

Mbili. Nimeota natembea juu ya paa, na pamba inanifika magotini, na sina mgongo kabisa. Nina mbele tu. Ilikuwa ndoto nzuri.

Jumatano, 10 Aprili

Sifuri.

Niliiandika asubuhi, kabla ya yote, na sitaifuta. Niliamka nikajigeuza, hakuna kilichonijibu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda kuyasubiri maumivu, kama unavyomsubiri mgeni ambaye kila siku hubisha hodi saa ileile. Kimya. Nikavaa viatu mbele ya watu. Kitinda mimba akasema "nibebe" kwa mazoea tu, bila matumaini, na mimi nikainama nikamweka mabegani. Alinishika masikio kwa furaha. Mke wangu alibaki na pasi mkononi, ametukodolea macho. Nilikwenda kazini nikipiga mluzi.

Tulianika pamba ya magodoro ishirini, fungu kubwa kuliko yote. Paa lilikuwa jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Saa tano hivi Kamba alipanda kuigeuza, akashuka na uso mwingine.

"Mtabiri, kule nyuma kunajaa mawingu."

Nikajisikiliza. Pale mahali pangu pa kiganja palikuwa kimya, pana joto, pamelala. "Haiji," nikasema.

"Dalili ya mvua ni mawingu, ndugu yangu."

"Kwani nimewahi kukosea?"

Bimkubwa alikuwa ameshaanza kukunjua turubai. Akaliacha. "Mwenyewe kasema," akamwambia Kamba. "Shuka chini umalizie kufunga vifundo vya magodoro."

Wangeweza kutazama juu, kila mmoja wao ana macho. Lakini kwa miaka mitatu nimewazoesha kunitazama mimi, na nilipenda kutazamwa. Nilikwenda kulalia godoro la ishirini na mbili. Nilifumba macho. Kwa mara ya kwanza sikuwa napumzika kutoka kwenye kitu, nilikuwa nimelala tu, mwepesi, naelea. Nikasikia cherehani. Nikawaza, nani anashona haraka hivyo? Nikaendelea kuelea. Kisha nikakumbuka kwamba cherehani zote zilikuwa zimesimama kwa chai.

Tulipofika juu tulikuwa tumechelewa. Mvua ile haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Pamba ya magodoro ishirini ilikuwa imelala chini, imesinyaa kama mbwa aliyenyeshewa. Tukaikusanya hivyo hivyo, maji yakitutiririka viwikoni. Sijui nilipanda zile ngazi mara ngapi. Bimkubwa hakukusanya. Alisimama katikati ya paa.

"Mtabiri," akasema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma. "Imekuwaje?"

Uongo ulikuwepo, tayari, mdomoni. Sijui kwa nini niliumeza. "Bimkubwa, mimi si mtabiri. Ni mgongo. Unaniuma mvua ikikaribia, miaka mitatu sasa. Leo haukuuma."

Hakuna aliyecheka, hata Kamba.

"Yaani wewe umepona," akasema polepole, "pamba yangu ndiyo imeugua."

"Ndiyo, mama."

"Nenda nyumbani. Nitakuita."

Alhamisi, 11 Aprili

Tisa. Ni zile ngazi, na ni mabega niliyompa mtoto. Mgeni amerudi na mizigo yake yote. Naandika nimelala kifudifudi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nane. Watoto walikuwa shuleni. Mke wangu alizima pasi mchana kweupe, jambo ambalo halifanyi, akakaa sakafuni karibu na kichwa changu.

"Amekufukuza?"

"Amesema ataniita."

"Kwa sababu ya pamba au ya mgongo?"

Nikainua kichwa. "Nani kakwambia habari za mgongo?"

"Baba watoto, nimelala kando ya huo mgongo miaka kumi na minne. Ukitaka kujigeuza unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo unageuka. Ulidhani unahesabu kimoyomoyo?"

Nikaona aibu ya kitoto. "Mbona hukusema?"

"Nilisubiri unikaribishe. Unajifungia bafuni na viatu, mimi niko nje nimeshika soksi zako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiye nitakayeachwa naulizwa na watu." Hapo akaanza kulia. Nimemwona mke wangu akilia mara chache sana, na hii nimeisababisha mimi. "Halafu unambeba mtoto siku moja, unalala mbili! Nani alikutuma?"

Nikamwambia kila kitu: kliniki, namba, Mzee Sindano, fahari yangu ya kuitwa Mtabiri. Nikampa daftari hili. Alilisoma lote palepale, midomo ikimcheza. "Vipimo vya magodoro, eti," akasema. Alipofika kwa muuguzi anayevua viatu, alirudia ukurasa ule mara mbili.

"Asipokuita?"

"Sijui."

"Basi nitachukua nguo zaidi, na wewe utakunja. Kukunja si kunafanywa umesimama?"

Jioni tukakunja mashuka ya watu, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Tunasogeleana, vidole vinagusana, tunaachana tena. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na furaha, na sikuweza kuvitenganisha.

Jumapili, 14 Aprili

Saba. Kamba amekuja. Amekaa mlangoni kama mtu mwenye deni.

"Bimkubwa anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi. Anapiga pamba kwa fimbo." Akakwaruza goti. "Ungetuambia, bwana."

"Ili mnicheke?"

"Nani acheke? Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unaumwa. Mvua sikujua, hiyo umenishinda. Lakini mgongo, mtu haoni? Unavyoshuka ngazi, kama umebeba mayai mfukoni. Unafikiri kwa nini nashika upande wa chini mwaka mzima? Unafikiri napenda?"

Niliutazama uso wake mwembamba, nikamkumbuka ngazini, jasho linamtoka, anapiga kelele "wanaume wapite" ili watu wamtazame yeye wasinitazame mimi. Niliandika juu yake maneno mabaya tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Nayaacha yalipo, ili nikiyasoma yanisute.

Jumanne, 16 Aprili

Sita. Bimkubwa ameniita.

Nilipiga moyo konde nikaingia. Pamba iliyolowa ilikuwa imekauka mabongemabonge, imerundikwa mpaka dirishani. Na meza ya kukatia ilikuwa imepandishwa matofali kila mguu, imefika kifuani pangu.

"Mzee Sindano," alianza bila salamu, "unajua aliondokaje?"

"Mgongo ulimshinda."

"Alinificha mpaka akaanguka ngazini na mzigo kichwani. Nilimwokota mimi. Mimi! Nilisema karakana si hospitali kwa sababu sikutaka kuokota mtu mwingine. Na wewe umekaa hapo miaka mitatu unapanda ngazi zile zile." Akapiga meza kwa kiganja. "Sikukasirikia mgongo. Nimekasirika kwa kuwa nilimwamini mtu, kumbe yeye hakuniamini."

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe bado. Hiyo pamba utaichambua yote, bonge kwa bonge, umesimama kwenye meza hiyo. Ngazi nimekupiga marufuku. Kubeba, marufuku. Na ile kazi ya utabiri nimekufukuza leo hii."

Nikasubiri lililobaki.

"Unasubiri nini? Chambua."

Jumatano, 17 Aprili

Sita. Nachambua.

Alhamisi, 18 Aprili

Tano. Nachambua. Vidole vinajua kabla yangu ni wapi bonge litaachia.

Jumatatu, 29 Aprili

Tano. Siku hizi wana zamu ya mawingu. Kila mmoja anakaa juu ya paa saa mbili, shingo ameinua. Leo Kamba alipiga kelele "Mvua!" wakaingiza pamba yote, kumbe alipita tai mmoja na kivuli chake. Nilicheka mpaka mgongo ukalalamika. Binti wa kliniki anasema mazoezi niyafanye hata siku ninayojiona nimepona. "Hasa siku hiyo," amesema, na amelikataa daftari. "Hii sasa ni riwaya, baba. Niambie namba kwa mdomo."

Nilimuuliza kama nitapona kabisa. Hakunidanganya. Alisema nitakuwa na siku zangu na mgongo utakuwa na siku zake. Nilirudi nyumbani taratibu. Nilihuzunika, kisha huzuni ikachoka.

Ijumaa, 10 Mei

Nne. Godoro la hamsini na tisa.

Jumatano, 15 Mei

Tano. Sitini yamekwenda bwenini. La mwisho nililalia mimi, Bimkubwa amesimama kando. Nilimwona tena yule muuguzi akivua viatu, safari hii ana uso, na ni uso wa mtu aliyechoka ambaye hamfichi mtu. Nilipofumbua macho, Bimkubwa alikuwa bado yupo.

"Lina bonge?"

"Halina."

"Mgongo?"

Hajawahi kuuliza. "Tano," nikasema.

"Tano," akarudia, kana kwamba ni kipimo cha kitambaa, akaenda kufungua mlango.

Jumamosi, 18 Mei

Nimetoka na kitinda mimba kwenda kununua uzi. Tulipofika kona ya tatu mvua ikatupiga. Haikunitumia salamu. Sikusikia kitu mgongoni, sikuona kitu angani, nilikuwa namsikiliza yeye akinieleza kwa nini mwanasesere wake hapendi shule. Tukakimbilia kibarazani kwa muuza vyombo, tumelowa chapachapa.

Akaninyooshea kidole. "Baba! Hukujua?"

"Sikujua."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alicheka sana, kama aliyemshika mtu mzima akidanganya. Miaka mitatu, na leo mvua imenikuta kama inavyowakuta watu wote. Muuza vyombo alitusogezea kreti tupu. Nikakaa. Mtoto alisimama mbele yangu, maji yakimdondoka puani, na nikajua anachotaka kusema na kwamba anajizuia kukisema, kwa sababu mama yake amemkanya.

"Njoo," nikasema.

"Mama kasema usinibebe."

"Sikubebi. Nimekaa."

Alilifikiria hilo, akaliona ni halali. Akapanda mapajani, akaegemeza kichwa chake kilicholowa kifuani pangu. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha tukakaa tena kidogo. Kukaa kunaniuma. Nilimwambia kunaniuma, akasema, "Basi hesabu moja, mbili, tatu, nishuke." Nikahesabu moja, mbili, nikaishia hapo.

Namba ya leo sikuiandika pale juu. Mke wangu ameuliza sasa hivi, upande wa pili wa meza, huku anageuza kola ya shati. Nimemwambia ni sita.